Somo la Pili

Niseme mapema kwamba mimi sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na mtu anayeegemeza simu kwenye rundo la vitabu, akawapanga watu wazima wenye ndevu kwenye viti, akawaambia, "Haya, ninyi sasa ni watoto wa darasa la nne," halafu akayaita hayo mazoezi ya ualimu. Mtu huyo ni mkufunzi mwenzangu wa hesabu. Ofisi yetu ni moja, meza zetu zinatazamana, na wanachuo wamembandika jina la Bwana Kamera. Mimi wananiita Mama Uwanjani. Wanadhani sijui.

Kwa Bwana Kamera, mwanachuo anafundisha kipande kifupi cha somo mbele ya wenzake wanaojifanya watoto, simu ikirekodi. Akimaliza wanakaa wote kutazama: hapa umeligeuzia darasa mgongo, hapa umeuliza swali ukajijibu mwenyewe, hapa mkono umezama mfukoni. Kisha anarudia kipande kile kile, anatazamwa tena, mpaka kinyooke. Bwana Kamera hujisifu kwamba kwa njia yake hakuna mtoto wa mtu anayeharibiwa. Mimi humjibu kwamba hakuna mtoto wa mtu aliyepo hapo. Jitu zima linalobana pua na kuuliza, "Mwalimu, eti robo ni nini?" si mtoto, ni kituko.

Kwangu mimi, mwanachuo anavuka ua. Nyuma ya chuo, ng'ambo ya ua wa michongoma, ipo shule ya msingi tunayoiita shule ya mazoezi. Kule kuna watoto wa kweli, wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni katikati ya sentensi yako, wanaopigana mateke chini ya dawati, wanaokutazama hivi mpaka ukajua kwamba hukueleweka hata neno. Mwanachuo akasimame pale na chaki yake, nami nikae nyuma niandike makosa yake. Ualimu ni uwanjani. Nimelisema neno hili hadi limekuwa jina langu.

Tuliligombania suala hili mpaka mhudumu wa chai akawa anabisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Mwishowe Mkuu wa Chuo, mama mpole asiyependa kelele, alituita ofisini kwake akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mmenichosha," alisema. "Sasa linganisheni. Kila mmoja achague mwanachuo, amwandae kwa njia yake. Wafundishe somo moja, kila mmoja kwenye mkondo wake wa darasa la nne. Baada ya hapo watoto wapewe jaribio, nitalitunga mwenyewe. Atakayeshindwa anampa mwenzake vipindi vyake vyote vya mazoezi, na habari hii sitaki kuisikia tena."

"Mimi sina neno, Mkuu," alisema Bwana Kamera.

"Mimi nina haraka," nikasema.

Kwa kweli mashindano yale hayakunitia wasiwasi hata chembe. Wasiwasi wangu ulikuwa nyumbani.

Naishi na binti wa mdogo wangu. Mdogo wangu ni muuguzi katika hospitali ya mbali na hapa. Amepewa nyumba ya watumishi, lakini shule pekee iliyo karibu naye inapokea watoto kuanzia darasa la tano. Basi tulikubaliana tangu mtoto akiwa mdogo: akae kwangu, asome hapa, akipanda darasa la tano aende kwa mama yake. Mtoto ameishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Nguo zake nzuri hazivai, anasema ni za kule. Kila akiongea na mama yake kwa simu anauliza kitanda chake kitakaa upande gani wa dirisha, na mama yake anamjibu kila mara kana kwamba hajawahi kuulizwa.

Wanachuo wanaofundisha darasani kwake wanamwita Kidole, kwa sababu kidole chake hakishuki. Wanampenda kupita kiasi. Sijui ni wangapi wameniambia, wakitoka kwenye kipindi huku jasho likiwatiririka, "Mwalimu, yule mtoto ndiye aliyeniokoa."

Ndiyo maana mwalimu wake wa darasa aliponiita na kuniambia kwamba kwa hesabu zile binti yetu hatapanda, nilidhani amemchanganya na mtoto wa watu.

"Mwalimu mwenzangu," nikamwambia, "mtoto huyu namwona kwa macho yangu. Kila nikija kukagua, mkono wake uko juu, na anajibu."

"Anajibu vizuri sana," alisema. Alikuwa anasahihisha madaftari kwenye kibaraza, kiti chake kikiwa kimebanwa kati ya ukuta na ndoo ya maji. "Ila mtihani hafanyi kwa mdomo."

"Basi labda unawafundisha haraka mno."

Aliinua uso. "Nikipata nafasi, dada, nafundisha polepole tu."

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba mimi huwafundisha walimu wa watu kufundisha hesabu, haiwezekani mtoto wa nyumbani kwangu ashindwe hesabu, na kama ana kisirani na chuo akiseme waziwazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akalamba kidole, akafunua daftari jingine.

"Mtihani wa mwisho wa mwaka bado," alisema. "Akifaulu huo nampandisha. Mimi sina chuki na mtoto."

Nikarudi chuoni damu inachemka, na hasira zote nikazimalizia kwenye maandalizi. Mwanachuo wangu alikuwa kijana mrefu ajabu, wenzake wanamwita Mlingoti. Bwana Kamera alimchagua binti mwenye sauti laini waliyempa jina la Hariri. Somo lilikuwa la kulinganisha sehemu: ipi kubwa, moja ya nne au moja ya nane. Mimi nilimvusha ua Mlingoti karibu kila asubuhi, akafundisha hiki, akafundisha kile, nikamsahihisha kwenye kivuli cha ukuta wa jiko la shule. Upande wa pili wa ofisi yetu Hariri alikuwa akirekodiwa, akitazamwa, akirudia. Niliwasikia wale wenye ndevu wakiitikia "Ndiyo, mwaaalimuuu" kwa sauti ya watoto, nikafunga dirisha.

Siku ya siku tulianza na mkondo wa Kidole. Tuliketi nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu: Mkuu katikati, Bwana Kamera na simu yake, mimi na kalamu yangu. Mlingoti aligawa karatasi, akaandika moja ya nne na moja ya nane ubaoni kwa mwandiko uliosimama vizuri.

"Nani ataniambia, ipi ni kubwa?"

Kidole akanyoosha mkono. Alisimama, akarekebisha sketi. "Moja ya nane, mwalimu. Kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne."

Hilo ndilo kosa lenyewe, kosa ambalo kila mwalimu wa hesabu huliombea litokee, maana ukilisahihisha hilo somo limekwisha. Mlingoti hakubabaika. Hakusema "umekosea". Alisema, "Hebu tuone," akawaambia wakunje karatasi mara mbili, kisha mara tatu, wafungue, walinganishe vipande. Kisha mtoto mmoja akasema "Aaa!" kwa sauti ya kugundua, na darasa zima likafuata, "Aaaa!" Mtoto mwingine akauliza swali zuri: je, tukikunja zaidi vipande vitazidi kuwa vidogo? Nilitamani kumkumbatia. Nilimgeukia Bwana Kamera nikamtazama kwa namna ambayo hata mtu asiyejua kusoma angeisoma.

"Umewapanga," alininong'oneza.

"Nipange mimi? Anayepanga watu humu si wewe?"

Tukahamia mkondo wa pili. Hariri akasimama. Hakuupa ubao nafasi ya kummeza, hakujijibu maswali, mikono yake ilionekana yote miwili. Kusema haki alifundisha vizuri, na kusema haki kuliniuma. Alipouliza ipi ni kubwa, kijana mmoja aliye mbele alisimama, akarekebisha kaptula, akasema, "Moja ya nane, mwalimu. Kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne."

Wakakunja karatasi. Mtoto mmoja akasema "Aaa!" Darasa likafuata.

Nikamwinamia Bwana Kamera. "Huna aibu," nikamwambia. "Umeiba somo langu mpaka na watoto wake."

Mkuu alitugeukia akaweka kidole mdomoni, kana kwamba sisi ndio wa darasa la nne.

Jaribio lilifanyika baada ya mapumziko, na mchana tulikuwa ofisini kwa Mkuu tukisubiri asahihishe. Alisahihisha akinyamaza, kisha akasahihisha akiguna. Mwisho akavua miwani. Swali la kwanza lilikuwa la kulinganisha, na mikondo yote miwili ilikuwa imelipata, hata wale wasiojulikana kwa kuhudhuria. Maswali yaliyobaki yalikuwa ya kujumlisha na kutoa sehemu, mambo ambayo kwa wakati ule wa mwaka darasa la nne lilipaswa kuwa limeshayaacha nyuma. Hakuna mkondo ulioambulia kitu. Mtu angedhani watoto wale hawajawahi kusikia kwamba sehemu hujumlishwa.

"Nani kashinda?" aliuliza Mkuu. "Maana mimi hapa naona mmeanguka wote."

Bwana Kamera akaweka simu mezani akacheza rekodi za asubuhi, kuonyesha kwamba mwanachuo wake hakuwa na kosa. Tukasikia mtoto wangu akisema nane ni kubwa kuliko nne. Tukasikia na yule kijana. Maneno yale yale, kituo pale pale, hata lile "mwalimu" katikati. Mkuu akairudisha nyuma rekodi, akasikiliza tena.

"Nani aliwafundisha kusema hivi?"

"Yeye," nikasema.

"Yeye," akasema Bwana Kamera, kwa wakati ule ule.

Yaliyofuata siyaandiki. Nilimwambia mambo ya simu yake na alikoitoa, akaniambia mambo ya uwanja wangu na mpira ninaocheza humo peke yangu. Mkuu alisimama akafungua mlango. "Tokeni," alisema. "Kesho mmoja wenu aje aniambie ukweli. Asipokuja mtu, mazoezi yote nayafuta, ya simu na ya uwanjani, watu wasome nadharia mpaka wazeeke."

Nilifika nyumbani nikiwa tayari na shahidi. Kidole alikuwa anaosha vyombo uani, mikono imejaa povu. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Mwanangu, niambie kweli. Nani aliwaambia mseme nane ni kubwa kuliko nne? Ni yule mwalimu wa simu?"

Alinitazama kwa mshangao. "Hakuna aliyetuambia, Mama Mkubwa. Leo ilikuwa zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kukosea."

Alisuuza sahani, akaiweka juu ya nyingine, kisha akanieleza bila kificho, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Walipokuwa darasa la tatu, alisema, alikuja mwalimu mmoja wa mazoezi, dada mwembamba. Akauliza ipi ni kubwa, wote wakasema moja ya nne, kwa sababu walikuwa wanajua. Dada yule akauliza kama hakuna anayefikiri ni moja ya nane. Wakasema hakuna. Basi akakwama. Karatasi zake zote, picha zake zote zilikuwa za kumsahihisha mtu, na hapakuwa na mtu wa kusahihishwa.

"Akasimama tu, Mama Mkubwa. Na wewe ulikuwa umekaa nyuma unaandika. Halafu akaanza kulia. Tukaona si vizuri."

"Mkafanyaje?"

"Tukapanga zamu. Mmoja anakosea, mmoja anasema 'aaa' mwanzo wengine wafuate, mmoja anauliza swali. Swali lazima liwe zuri, si la kijinga. Sasa hivi hata darasa la nne la pili wanafanya, tuliwafundisha wakati wa mapumziko."

"Na nani aliyepanga hayo yote?"

"Mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza akaona haya kidogo.

Nilishika tama. Nilikuwa sijui nicheke au nimchape. Muda wote huo nimekaa nyuma ya darasa na kalamu, nikiwapa watu alama kwa namna wanavyoshughulikia kosa la mtoto, na kosa lenyewe limegawiwa kwa zamu na mtoto ninayemnunulia viatu. Nikamcheka moyoni Bwana Kamera na wenye ndevu wake wa kuigiza, kisha kicheko kikanikwama. Wale wake walau walijua kwamba wanaigiza, na mimi mkaguzi ndiye niliyekuwa sijui.

"Sawa," nikasema. "Na somo linalofuata baada ya hilo la karatasi? La kujumlisha?"

"Halifuati."

"Halifuati vipi?"

"Siku inayofuata anakuja mwingine."

"Anafundisha nini huyo mwingine?"

"Anakunja karatasi," alisema Kidole. "Au analeta chungwa, analikata. Kwenye vipimo wanatupimisha urefu wa dawati. Kwenye saa wanatengeneza saa ya boksi. Wote wanaanza, Mama Mkubwa. Hatujawahi kupata wa kuendelea."

Nilichukua kijiti nikaandika mchangani, pale pale mbele ya beseni: moja ya nne jumlisha moja ya nane. Alifuta mikono kwenye gauni, akachuchumaa, akaandika kwa uangalifu mkubwa: mbili ya kumi na mbili. Akaniinulia uso akisubiri nimsifu. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mchezo, na haikuwapo. Safari hii hakuwa anakosea kwa zamu.

Hasira niliyoisikia pale siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu haikuwa na wa kumwangukia. Ni kweli kila mwanachuo huchagua somo la kwanza la mada. Ndilo lenye karatasi za rangi, ndilo lenye machungwa, ndilo linalopata alama. Na alama hizo natoa mimi.

Asubuhi sikupita ofisini, nilikwenda moja kwa moja ng'ambo ya ua. Mwalimu wa darasa alikuwa pale pale kibarazani, kiti na ndoo. Ndani ya darasa lake mwanachuo mmoja alikuwa akikata chungwa.

"Kipindi chako cha hesabu ni lini?" nikamwuliza.

"Wanachuo wasipokuja."

"Na huwa hawaji lini?"

Alifikiri. "Likizo," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada, nilikwambia. Ulikuwa unanifokea." Hakusema kwa ubaya. Akanisogezea kibao nikae, na tukakaa wote wawili tukisikiliza darasa zima likisema "Aaaa!" ndani.

Ofisini kwa Mkuu nilisema yote, ya zamu na ya machungwa. Bwana Kamera alisikiliza mdomo wazi. Nilitegemea atanisimanga, na ningempokea, maana maneno nilikuwa nayo tele. Badala yake alikuna kichwa akauliza kitu ambacho yeye tu angeweza kukiuliza:

"Kwa hiyo mimi nimeshinda au sijashinda?"

"Umeshinda," nikasema. "Chukua vipindi vyangu. Chukua na meza yangu ukitaka. Wenye ndevu wafundishane wao kwa wao, wakoseane, waambiane 'aaa' mpaka sauti ziwakauke. Lakini darasa la nne liachwe. Mwanachuo asivuke ule ua mpaka watoto wale wapate mwalimu wao na wamalize walichoanzishiwa. Na siku akivuka, avuke mmoja, akae na darasa tangu mwanzo wa mada hadi mwisho wake. Mimi nitamkagua siku ya katikati, siku isiyo na chungwa."

"Kushinda gani huku?" alilalamika Bwana Kamera. "Hujashindwa wewe, umeacha. Mimi nilitaka tulinganishe."

"Tulinganishe nini, baba? Kiini macho chako na kiini macho changu?"

Mkuu aliinua mkono. Alikubali watoto waachwe kwa muda uliobaki wa mwaka. Hilo la mwanachuo mmoja na mada nzima, alisema, ni wazo zuri, litahitaji kamati. Nilitoka kabla sijasema la kusema juu ya kamati.

Muda uliobaki wa mwaka haukuwa mrefu. Siku mwalimu wa darasa alipoingia na somo la pili, nilikaa nyuma bila kalamu, nimeshika magoti yangu. Aliandika hesabu ya kujumlisha ubaoni, akageuka. Watoto walimtazama. Wakamtazama Kidole. Kidole akanyoosha mkono, akasimama akarekebisha sketi.

"Mwalimu," alisema, "hapa tunatakiwa tukosee nini?"

"Hampangiwi," alisema mwalimu wake. "Jaribuni tu."

Sijawahi kuona watoto walioogopa vile. Hakuna mkono ulioinuka. Kujaribu tu, bila kujua kama zamu ni yako, hilo hakuna mwanachuo aliyewahi kuwaomba. Kipindi kizima kilikwenda kwa kutafuta asili moja, ile namba ya chini, ya sehemu mbili, kwa kufuta na kuandika, kwa vilio vya kalamu kuvunjika. Lilikuwa somo baya. Kama angelifundisha mwanachuo wangu ningemwangusha.

Jioni nilikaa na Kidole mezani. Nilikuwa mkali, sina haja ya kujipamba. Nikimweleza mara ya pili na asielewe, sauti ilipanda yenyewe, na yeye alijifunza haraka kuitikia "aaa" ili niteremke. Ikabidi nimpige marufuku kusema neno hilo nyumbani kwangu. Lakini alijitahidi, Mungu ni shahidi. Kuna jioni alipata hesabu zote, akakimbia kumpigia simu mama yake kabla sijaweka alama, na nikasikia kule upande wa pili mdogo wangu akipiga vigelegele wodini mpaka mtu akamwambia anyamaze.

Mtihani ukaja. Mwalimu wa darasa aliniita kibarazani akanipa nafasi ya kukaa kabla hajasema kitu, nikajua.

"Amepanda sana," alisema. "Ila hajafika."

"Amepungukiwa sana?"

"Kidogo."

"Mwalimu mwenzangu," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikianza kuomba, jambo ambalo sijalizoea. "Kidogo hicho huwezi kukifumbia macho? Mama yake anamsubiri. Kitanda kimeshatandikwa."

"Naweza," alisema. "Nikimpandisha atakwenda kule akae mbele ya mwalimu wa darasa la tano, aulizwe. Atafanyaje? Si atanyoosha kidole?"

Nilijua angefanyaje. Angeangalia mwalimu anataka nini, angempa. Angekuwa mzuri sana, na wangempenda sana, na siku moja mtu angeandika mbele yake hesabu mchangani. Nilisimama nikamwambia asimpandishe, na nikaondoka kabla hajaniona uso.

Nilimwambia mtoto mwenyewe, jikoni, nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitazungukazunguka. Nilimwambia hajafika, kwamba atalirudia darasa la nne, kwamba mwaka ujao litakuwa na mwalimu wake, na atafundishwa mpaka mwisho wa kitabu, na ndipo ataondoka. Hakulia. Alichezea kifungo cha shati.

"Yule mwalimu mrefu alifaulu?" aliuliza.

"Mlingoti? Alifaulu. Amepangiwa shule karibu na kwao."

"Na yule dada wa sauti ndogo?"

"Naye pia. Amekwisha ondoka."

"Na wote wa mwaka huu?"

"Wote," nikasema.

Aliniomba simu, akasema nisimwambie mama yake, atamwambia mwenyewe. Nikampa. Alikwenda nayo uani akasimama kando ya beseni, na mimi nikabaki mlangoni, siwezi kwenda mbele wala kurudi ndani. Mama yake alipokea upesi, nadhani alidhani ni habari njema.

"Mama," alisema Kidole, "wale walimu wangu wote wamefaulu. Nimefeli mimi tu."